Je, wajua kwa nini simu huwaka hata fundi akiing'oa kapasita?

Simu imekufa: haichaji, haiwaki. Fundi anaifungua, anaiunganisha bodi na pawa saplai, na ampea zinapanda papo hapo. Kuna shoti. Anaifukiza bodi kwa moshi wa rosini (utomvu mkavu wa msonobari) hadi iwe nyeupe, kisha anaipa volti kidogo. Mahali pamoja weupe unayeyuka. Ni kapasita yenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, nayo imepata moto. Anaing'oa kwa blowa, simu inawaka, na mwenye simu anauliza swali la haki kabisa: kama inawaka bila hiyo, iliwekwa ya nini?

Prosesa haivuti umeme kwa utulivu. Transista zake, yaani swichi zake ndogo za umeme, hufunguka na kufunga kwa makundi, mara bilioni kadhaa kwa sekunde, na kila mara hudai mkondo kwa ghafla. Sasa, njia yoyote ya shaba, hata iwe fupi namna gani, hugoma mkondo unapobadilika ghafla. Mgomo huo hupimwa kwa henri. Kipande cha nanohenri 1 tu (nano ni sehemu moja ya bilioni), yaani kama milimita moja ya waya mwembamba, kikidaiwa ampea 1 ndani ya nanosekunde 1 humeza volti 1 nzima. Prosesa nyingi za leo hutumia volti 1 au pungufu! Ndiyo maana akiba ya umeme huwekwa kwenye kapasita, pembeni kabisa mwa chipu, ili dai la ghafla lijibiwe hapohapo bila kungoja betri.

Akiba hiyo haiwekwi mahali pamoja. Laini moja ya umeme huweza kuwa na kapasita kumi au zaidi, zote sambamba, kati ya umeme na graundi, yaani njia ya kurudishia umeme. Moja ikipiga shoti inaziangusha zote. Ukiing'oa, zilizobaki zinaendelea na kazi. Simu inawaka. Lakini kuwaka si kupona, na hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga.

Ndani ya bodi kuna matabaka mapana ya shaba, moja la umeme na jingine la graundi, yakitenganishwa na fiba ya kioo iliyogandishwa kwa epoksi. Yenyewe tayari ni kapasita: sentimita 10 kwa 10, pengo likiwa milimita 0.1, unapata takriban nanofaradi 3.5. Ni akiba ndogo, ila ina kasi kuliko kapasita yoyote ya kubandika. Shida ni tabia yake. Kishindo cha prosesa husafiri kati ya matabaka hayo kama wimbi, hugonga ukingo wa bodi, hurudi, na hukutana na kishindo kinachofuata. Anayebeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba hatua zikilingana na mchezo wa maji, yatamwagika hata kama ndoo haijajaa. Ndiyo maana watu huweka majani juu ya maji, yaue ule mchezo.

Ni ukubwa wa tabaka unaoamua livume kwa masafa yapi, yaani mawimbi mangapi kwa sekunde (megahezi 1 ni milioni moja). Ndani ya fiba hiyo wimbi huenda karibu nusu ya kasi ya mwanga, sentimita 15 kwa nanosekunde. Tabaka la sentimita 30, kama la bodi ya kompyuta ya mezani, huanza kuvuma karibu na megahezi 250. La sentimita 5 huvuma karibu na megahezi 1,500, na GPS husikiliza kwenye megahezi 1,575.42, ishara ikiwa imefika kutoka angani dhaifu mno. Bodi ya simu haina umbo nadhifu la mstatili, lakini hatari ni ileile: simu inawaka vizuri, ramani inapotea, na lawama anabebeshwa mtandao.

Kelele za umeme za namna hii zina historia. Mwaka 1979 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliweka kanuni za kuzuia kompyuta zisivuruge redio na televisheni za majirani. Kompyuta ya nyumbani TRS-80 Model I, iliyouzwa tangu 1977 ikiwa na kasha la plastiki na nyaya zilizotapakaa, haikuweza kuzitimiza, na 1981 ikaondoka sokoni.

Basi majani ya bodi ni yapi? Ukinzani kidogo. Watu hudhani kapasita bora ni ile isiyo na ukinzani kabisa, kumbe hiyo ndiyo huacha mawimbi yacheze bila kuchoka. Kapasita ya nanofaradi 100 yenye nanohenri 1 hufanya kazi yake hadi karibu megahezi 16; kupita hapo hugeuka kuwa koili, yaani hugoma mkondo wa ghafla kama ile njia ya shaba. Ukiibandika sambamba na ya mikrofaradi 10, kuna eneo katikati ambapo ile kubwa imeshakuwa koili na ndogo bado ni kapasita, zikarushiana nishati, na kelele ikapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo ile desturi ya kuchanganya kubwa, ya kati na ndogo bila kupiga hesabu, mimi naiona ni mazoea tu. Mara nyingi kapasita nyingi za thamani moja, zenye ukinzani kiasi, hutuliza zaidi.

Dawa nyingine ni kuyasogeza matabaka. Pengo likipunguzwa kutoka milimita 0.1 hadi 0.05, akiba huongezeka maradufu na mawimbi huchoka upesi, ingawa bodi ya hivyo ni ghali zaidi kutengeneza. Isiyo na gharama ni kutoboa matundu yanayoiunganisha kapasita na matabaka ubavuni mwake kabisa, badala ya kuivutia mkia wa shaba. Mkia wa milimita 2 kila upande waweza kuongeza nanohenri nyingi kuliko zile za kapasita yenyewe.