Kifuniko cha kiroho, na kwa nini waliotoka ndio wanaouliza

Ukikaa na walokole utasikia mtu akiulizwa, "Uko chini ya kifuniko cha nani?" Anayeuliza anataka kujua ni mtumishi gani anayekulea, anayekuombea, na ambaye unawajibika kwake. Kifuniko cha kiroho ni fundisho kwamba kila Mkristo anapaswa kuwa chini ya kiongozi aliyewekwa na Mungu. Akikaa hapo analindwa. Akitoka, adui anapata mlango. Wengine humwita kiongozi huyo baba wa kiroho au mama wa kiroho.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Aliyeokoka juzi anahitaji wa kumshika mkono, na Waebrania 13:17 inawaagiza waumini kuwatii wanaowaongoza. Shida huanza pale ulinzi unapogeuka kuwa ruhusa.

Chukua binti aliyepata kazi mji mwingine. Anakwenda na barua yake kwa mchungaji ili kumshirikisha, kwa heshima zote. Mchungaji anaisoma, anafumba macho kidogo, kisha anasema, "Sina amani na hili." Hajamkataza. Wala hajatoa sababu ambayo binti angeweza kuijibu, kama mshahara mdogo au mwajiri mwenye sifa mbaya. Amani anayoizungumzia iko moyoni mwake mwenyewe, na hakuna awezaye kuingia kuipima. Binti akienda kisha akaugua, kanisa zima litajua kilichomuuguza. Akibaki na nafasi ikapotea, ataambiwa Mungu amemwandalia kilicho bora zaidi. Vyovyote itakavyokuwa, mchungaji hatakuwa amekosea.

Fundisho hili katika sura yake ya sasa si la kale kama wengi wanavyodhani. Lilienezwa Marekani miaka ya 1970 na walimu watano waliokuwa Fort Lauderdale, Florida: Derek Prince, Bob Mumford, Charles Simpson, Don Basham na Ern Baxter. (Ndiyo, ni Prince yuleyule wa mafundisho ya ukombozi, yaani kufukuza mapepo, aliyewahi kufanya kazi ya ualimu Kenya.) Waliona uamsho wa karismatiki, ule wa kunena kwa lugha na karama za Roho, umejaa watu wanaohamahama mikutano bila kuwajibika kwa yeyote, na katika hilo sioni walipokosea. Dawa yao ilikuwa kila muumini awe na mchungaji wake binafsi, na mchungaji naye awe na wa kwake, ngazi juu ya ngazi. Zaka ilikwenda kwa mchungaji huyo. Mambo ya ndoa, kazi na kuhama nyumba nayo yalipitia kwake. Kufikia 1975 ugomvi ulikuwa hadharani, na mhubiri Pat Robertson akawafungia milango ya kituo chake cha televisheni. Prince alijitoa miaka ya 1980, jarida lao la New Wine likafungwa 1986, na mwaka 1989 Mumford akaomba radhi mbele za watu. Waasisi wakatawanyika, lakini fundisho lilikuwa limeshasafiri.

Wala si jambo la wanenao kwa lugha peke yao. Katika Makanisa ya Kristo ya Kimataifa, yaliyokua kutoka Boston tangu 1979 chini ya Kip McKean, hakukuwa na kunena kwa lugha, lakini kila mshiriki alipangiwa mtu wa kumlea, kumuungamia dhambi na kumuomba ushauri wa karibu kila jambo. McKean alijiuzulu 2002. Mapema 2003 mmoja wa viongozi wa London, Henry Kriete, aliandika waraka mrefu wa kuukosoa uongozi, ukasambaa kwa kasi, na ule mfumo wa amri kutoka juu ukaporomoka.

Waumini waliokwishatoka walikuwa wamesema mengi ya hayo kwa miaka. Uzito wa waraka wa Kriete ni kwamba aliyeuandika alikuwa bado ndani, tena na cheo.

Na hapo ndipo penye kiini cha kifuniko: kinaamua nani ana haki ya kuuliza. Aliye ndani akihoji, ana roho ya uasi, ni Absalomu aliyemwasi baba yake Daudi, au akiwa mwanamke, ni Yezebeli, yule malkia mwovu wa Biblia. Akichoka akatoka, swali lake halijibiwi pia, maana sasa "amerudi nyuma" na "anasema kwa uchungu". Wakiwa ndani hawaruhusiwi, wakiwa nje hawaaminiki. Watu hushangaa kwa nini malalamiko juu ya kanisa fulani yanaletwa daima na walioondoka. Yangeletwa na nani?

Mstari unaotumika kufunga midomo ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu, ambao leo husemwa ni wachungaji. Ninashauri usomwe pamoja na mistari mitatu inayoutangulia. Wanaotajwa pale ni wahamiaji wachache wasio na nchi, na wanaokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Yaani onyo lilielekezwa kwa mwenye mamlaka ili asimguse asiye na kitu, na leo linasomwa kinyumenyume. Hata Daudi, anayesifiwa kwa kukataa kumwua Sauli, hakunyamaza. Katika 1 Samweli 24 anatoka pangoni akiwa na kipande cha vazi la mfalme mkononi, anamwita, na kumweleza kosa lake watu wakisikia. Paulo naye alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, na habari hiyo ikaandikwa kwenye barua.

Waliotoka huuliza nini hasa? Mara nyingi si mafundisho makubwa ya imani. Wanauliza nani anamsimamia mchungaji. Wakijibiwa kwamba lipo baraza la wazee, wanauliza nani aliwateua wazee hao, na kama yuko hata mmoja aliyewahi kumpinga akabaki mzee. Wanauliza hesabu za sadaka ya ujenzi. Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la maungamo: jambo nililomwambia mlezi wangu chumbani, tukiwa wawili, lilifikaje kwenye mahubiri ya Jumapili, bila jina langu lakini na kila kitu kingine? Mtu aliyepitia hilo mara moja hujifunza kuungama dhambi ndogondogo tu, au kuzitunga.

Ni haki kusema pia kwamba si kila aliyetoka anasema kweli yote. Wako waliotoka kwa ugomvi wa vyeo, na wako ambao walipokuwa walezi waliwabana wengine vilevile, jambo ambalo huwa halipo kwenye ushuhuda wao. Ushahidi wao upimwe kama wa mtu mwingine yeyote. Kadhalika, kanisa lenye maadili magumu si lazima liwe la kutawala watu. Kipimo ninachokiamini ni kumtafuta aliyemkatalia mchungaji jambo la maisha yake binafsi, kisha akaendelea kushiriki na kuhudumu kama kawaida. Kanisa la miaka mingi lisilo na mtu wa namna hiyo hata mmoja linahitaji kuulizwa.

Wanachotaka wenyewe kinatofautiana. Baadhi wanataka kuombwa radhi, baadhi wanataka vitabu vya fedha vifunguliwe. Wengi wanataka dogo kuliko hayo: marafiki na ndugu waliobaki waruhusiwe kupokea simu zao.