Je, wajua kwa nini hatamu mbili, yaani kanda za kumwongozea mnyama, hukatwa sambamba kwenye ngozi moja?

Punda akikengeuka kila mara upande mmoja ilhali mwendeshaji ameshika hatamu sawasawa, pima hatamu kabla ya kumchapa. Mara nyingi utakuta moja imerefuka kuliko mwenzake. Kwa farasi ni vilevile, ila barabara za Arusha na Moshi zina mikokoteni ya punda zaidi.

Ngozi ya ng'ombe hailingani kotekote. Mgongoni nyuzi zake zimeshikamana. Tumboni zimelegea, ukizivuta zinarefuka na hazirudi. Ndiyo maana kanda zote mbili hukatwa kandokando ya uti wa mgongo, upana sentimita 2.5, unene milimita 3 hadi 4. Chagua ngozi iliyochakatwa kwa magome, maana iliyochakatwa kwa kemikali ya kromu huvutika zaidi. Igeuze pia uikague upande wa nyama. Chapa ya chuma cha moto na mikato ya kisu cha mchunaji ndipo mkanda utakapokatikia.

Hatamu moja ya mkokoteni hutaka mita 3.5 hadi 4, na ngozi ya ng'ombe wa kienyeji haifiki huko. Lazima kuunga, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Chonga ncha zote mbili mteremko wa sentimita 10 hivi, kwangua uso laini ili gundi ishike, kisha lalisha ncha moja juu ya nyingine. Toboa kwa msharasi (chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi), ushone kwa uzi wa nta na sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, mistari miwili kufuata urefu. Mishono 3 kwa sentimita inatosha. Ukiibana zaidi, ngozi inachanika kama karatasi ya stempu. Usishone kukatiza mkanda. Kiungo kikae mahali ambapo hakifiki kwenye pete za matandiko wala mkononi.

Kabla ya kufunga bizimu (kifungo cha chuma cha mkanda), lowanisha kanda kidogo, zining'inize kivulini na uzito sawa hadi kesho yake, ndipo uzipunguze zilingane.

Kuzitunza si kazi: futa jasho na vumbi, paka mafuta ya ng'ombe kidogo. Oili chafu ya gari, inayopendwa kwa sababu ni ya bure, huozesha uzi na ngozi. Na usikague katikati tu. Kunjua pale mkanda unapozunguka pete ya lijamu (chuma cha mdomoni mwa mnyama), maana mate hujificha humo.