Gesi ikiisha, kisiwa kitazama?

Pale Ubungo, jirani na mitambo iliyoanza kufua umeme kwa gesi ya kisiwa cha Songo Songo mwaka 2004, kuna kijiwe cha kahawa chenye mzee mmoja na hoja yake moja: "Wakimaliza kunyonya, chini linabaki pango. Kisiwa chote kinatumbukia humo."

Pango halipo, mzee wangu. Nenda kwa wafyatua tofali, ulimwagie tofali kavu kikombe cha maji. Yananywewa yote, na tundu hulioni. Gesi nayo imejibana hivyohivyo kwenye vinyweleo vya mwamba, zaidi ya kilomita moja chini.

Lakini hajakosea yote. Mzigo wa miamba ya juu hubebwa na chembe za mwamba zikisaidiwa na presha ya gesi. Presha ikishuka, chembe zinaelemewa, mwamba unabonyea. Hesabu ya mwanzo ni kuzidisha tu: unene, mara presha iliyopungua, mara ulaini wa mwamba. Mwamba mgumu wa mita 100, presha ikipungua megapaskali 10 (kama mara mia ya presha ya hewa tunayovuta), hubonyea kama sentimita 10. Ukiwa laini mara kumi, hiyo ni mita nzima. Na si yote hufika juu: mwamba wa gesi ukiwa mdogo na uko chini sana, miamba ya pembeni huupokea mzigo.

Tena haiporomoki kwa kishindo. Hushuka taratibu, miaka na miaka. Matetemeko ni jambo jingine, na Groningen, Uholanzi, walikochimba gesi, waliyapata, likiwemo la ukubwa wa 3.6 mwaka 2012.

"Si warudishe maji, ardhi ipande?" Hili ndilo linalonichosha. Long Beach, California, ardhi ilishuka karibu mita 9 juu ya mafuta ya Wilmington. Maji yaliyosukumwa chini yaliizuia isiendelee, hayakuirudisha ilipokuwa, kwani chembe zikishavunjika na kujipanga upya zimekwisha. Kule Ekofisk, eneo la mafuta chini ya bahari ya Norwei, maji yenyewe yalilainisha mwamba wa chaki, ukazidi kubonyea. Na majukwaa yao ya kuchimbia yaliinuliwa mita 6 kwa jeki, katikati ya bahari, 1987, kwa sababu sakafu ya bahari ilikuwa imeshashuka.

Na wale wanaosema kompyuta hujua mapema ardhi itashuka kiasi gani: Ekofisk ilianza kutoa mafuta 1971. Kushuka kwake kulikuja kugunduliwa 1984, watu walipoona safu za matundu ya ukuta wa tangi la mafuta lililosimama baharini, zile zilizobaki juu ya maji, zimepungua.