Mtaimbo Unautia Wapi? Maana ya kifaa cha kawaida kwenye jaribio la ujuzi

Wachezaji wanne wamesimama mbele ya bamba la jiwe ndani ya Mapango ya Amboni. Kimawazo tu. Kimwili tupo barazani Ngamiani, mjini Tanga, Jumamosi baada ya alasiri, kashata na birika la kahawa katikati. Mmoja anasema, "Mimi nina mtaimbo." Mchezeshaji haulizi ana nguvu kiasi gani. Anauliza, "Unautia wapi?"

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni hadithi inayochezwa mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, pamoja na nguvu zake, wepesi wake, ujuzi wake na mzigo aliobeba. Mchezeshaji anaeleza mahali na yanayotokea, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni nitakazotaja hapa ni za toleo la tano, la mwaka 2014, maana ndilo tunalolichezea.

Tendo likiwa linaweza kufaulu au kushindikana, linakuja jaribio la ujuzi. Unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha namba ya mhusika wako, unalinganisha na kiwango cha ugumu alichopanga mchezeshaji. Kiwango 10 ni chepesi, 15 ni cha wastani, 20 ni kigumu, na 30 ni karibu na muhali. Ukikifikia au ukikipita, umefaulu.

Kifaa cha kawaida ni chombo chochote kisicho na uchawi ndani yake ambacho mhusika anakitumia kufanya kazi: kamba, ngazi, nyundo, kandili, kapi, chaki, kioo cha kukuzia maandishi. Upanga unaowaka moto haumo, wala pete ya kumfanya mtu asionekane. Ni vitu ambavyo ungevikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi au kwenye diko la wavuvi, na wachezaji wapya huviruka wakiwa na haraka ya kufika kwenye ukurasa wa silaha.

Turudi kwa mtaimbo. Kitabu cha kanuni kinasema unampa mtumiaji faida, na faida ni kurusha dadu mbili ukachukua iliyo kubwa. Hesabu yake inafaa kuionja. Mhusika ana nyongeza ya nguvu ya +2 na bamba lina kiwango 15. Akiwa mikono mitupu anahitaji dadu imwoneshe 13 au zaidi, yaani pande 8 kati ya 20, sawa na asilimia 40. Akishika mtaimbo, hawezi kushindwa mpaka dadu zote mbili zimkatae: asilimia 60 ya 60, ambayo ni 36. Kwa hiyo nafasi yake imepanda hadi asilimia 64, kwa kipande cha chuma tu.

Lakini kanuni hiyohiyo ina sharti: faida inapatikana pale tu ambapo chuma kinaweza kutumika kama wenzo. Jiwe lisilo na ufa halina pa kutia ncha, na hapo mtaimbo ni mzigo wa bure. Ndiyo sababu ya lile swali. Mwenzetu akajibu, "Chini kushoto, kwenye ule ufa uliosema maji yanachuruzika." Akapewa dadu ya pili bila ubishi.

Si kila kifaa hufanya kazi kwa namna hiyo. Kufuli, kwa mfano. Kitabu kinaipa kiwango 15, ila hakuna anayefungua kufuli kwa ukucha. Unahitaji vifaa vya mwizi, yaani vyuma vyembamba vya kuchokolea, tupa ndogo, koleo na kioo chenye mpini (barazani kwetu furushi lote tunaliita funguo malaya, na wazee wakipita tunasema kwa sauti ya chini). Hapa kifaa ni ruhusa ya kurusha dadu. Na kuwa nacho hakutoshi: mhusika awe na umahiri wa kukitumia, kama ambavyo kununua msumeno hakukufanyi seremala.

Halafu kuna vifaa vinavyoiondoa dadu kabisa. Mkoba wa tabibu unatumika mara 10, na kila mara unamzuia mtu aliye mahututi asife, bila jaribio lolote. Binafsi natamani wachezeshaji wangeiga hapo zaidi. Ngazi imeegemezwa ukutani, hakuna adui wala mvua, mtu mzima anapanda, na bado mchezeshaji anadai dadu! Bahati inahusu nini hapo?

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kamba. Kitabu kinataja kamba ya nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, urefu wa kama mita 15, ambayo mtu anaweza kuikata kwa kuivuta akifaulu jaribio la nguvu la kiwango 17. Sisi tuliibadilisha siku ya kwanza ikawa ya katani. Mkonge umeingia huku tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na ingekuwa aibu mtu wa Tanga kucheza na kamba ya ugenini.

Basi kuna siku wahusika walivuka maji pangoni kwa kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya chokaa, wakataka kuifungua haraka waondoke nayo. Mchezeshaji akasema kiwango 10. Mzee wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi mashamba ya mkonge ujana wake wote, alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake.

"Hiyo kamba mmesema ya katani?"

"Ndiyo, babu."

"Na imelowa?"

"Imelowa chapa."

"Basi wajukuu zangu, fundo hilo halifunguki. Katani ikinywa maji inavimba, fundo linajikaza. Kateni."

Mchezeshaji akapandisha kiwango hadi 20 papo hapo. Kukata kwa kisu hakukuhitaji dadu, ila kila anayekata anapoteza urefu, na mbele kulikuwa na shimo ambalo hawakujua kina chake. Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Hakuna joka lililowahi kutushughulisha kiasi hicho.

Shimo lenyewe walilipima kwa upondo. Kitabu kinao mti wa aina hiyo, wenye urefu wa kama mita 3, lakini kimeuweka kwenye orodha ya bei tu, senti 5 za shaba, bila kanuni hata moja. Wengine huona huo ni upungufu. Mimi naona ni uhuru: anayejua nahodha anavyosukuma ngalawa kwenye maji mafupi atajua la kufanya na mti mrefu.

Kuna wanaotumia vibaya mlango huu, wakaandika kwenye karatasi duka zima. Kanuni inaruhusu mhusika kubeba pauni 15 kwa kila alama ya nguvu, kwa hiyo mwenye alama 10 za nguvu anabeba kama kilo 68, na hiyo ni ukarimu mno. Dawa yetu ni swali lilelile kwa sura nyingine: ngazi hiyo umeining'iniza wapi ulipokuwa unatambaa?

Na yule wa bamba la jiwe? Dadu zilitoka 6 na 17. Akachukua 17, akajumlisha 2, jiwe likainuka, wenzake watatu wakapenya chini yake mmoja mmoja.

"Sawa," akasema, "sasa nachomoa mtaimbo wangu, nawafuata."

Mchezeshaji alimimina kahawa kwanza.

"Ukiuchomoa," akasema, "bamba limeshikiliwa na nini?"