Mbuga Ikifurika: Tunayodanganyana Kuhusu Malagarasi

"Mbuga ikishafurika, hiyo ardhi imekufa mpaka kiangazi." Kuanzia Usinge hadi Nguruka, kwenye mbuga tambarare za mto Malagarasi magharibi mwa Tanzania, kauli hii haikosi msemaji. Kwa mahindi, sawa, imekufa. Kwa samaki ndiyo kwanza inafunguka. Mvua zikishika, kambare huacha mto usiku na kupanda hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya kina kifupi. Jike hutaga maelfu ya mayai, yakanata kwenye majani, na baada ya siku moja au mbili yameanguliwa. Vifaranga hubaki humo wakila vijidudu na kujificha hadi maji yaanze kupungua. Kambare mkavu anayeuzwa sokoni mwezi wa nane alikulia majanini, pale tunapoita pori tupu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema samaki wa mbuga hawamaliziki. Mgono, ule mtego wa samaki wa kusuka, hauna kosa, wazee wameutega miaka yote. Kosa ni kuziba mfereji mzima kwa uzio, kutoka ukingo hadi ukingo, wakati ule ule kambare wanapopanda. Mpasue mmoja uone: tumbo limejaa mayai yenye rangi ya kijani, umekula wa leo na wa mwakani. Chandarua nacho kikikokotwa majanini hakibakizi hata kifaranga.

Wengine humsingizia ndege. Korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu, husimama tuli muda mrefu akimvizia kamongo au kambare anayepanda juu kuvuta hewa. Hula, hilo halina ubishi. Lakini kwa kawaida huishia kulea kinda mmoja tu kwa msimu, tena kwenye kiota kilichojengwa juu ya majani yanayoelea. Ndege wa namna hiyo hawezi kumaliza samaki wa bonde zima.

Kuhusu Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu: eneo la Malagarasi-Muyovozi, zaidi ya hekta milioni 3, liliorodheshwa mwaka 2000, la kwanza Tanzania. Watu wakasikia "limefungwa". Mkataba wenyewe unazungumzia matumizi ya busara, na kuvua kwa utaratibu ni sehemu yake. Mapori ya akiba yaliyomo ndani yana sheria zake, hilo ni jambo jingine.

Na moto? "Unaleta majani mabichi kwa ng'ombe." Nusu kweli. Unaowashwa mapema, nyasi zingali na unyevu, hupita juu juu. Ule wa Septemba au Oktoba huunguza hadi pembeni mwa mafunjo, na huko ndiko nzohe, swala wa kwenye maji, hujificha mchana. Mvua za kwanza zikifika hapo hukuta majivu na udongo mtupu, vyote vikasombwa hadi kwenye maji yale yale ambayo kambare wanakuja kutagia.