Kwa nini tabia njema haienei kama kipindupindu

Mgonjwa mmoja wa kipindupindu anatosha kuhatarisha avenue nzima mjini Goma, lakini mama anayetia klorini katika kila bidoni ya maji ya Ziwa Kivu anaweza kufanya hivyo mwaka mzima bila jirani hata mmoja kumwiga. Ugonjwa hauombi ruhusa, ilhali tabia mpya humfanya mtu atazame kwanza wenzake wanafanya nini.

Hesabu za magonjwa za Kermack na McKendrick, za mwaka 1927, zilifuata maambukizi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Waliotaka kuhesabu kuenea kwa tabia waliziazima, wakaichora jamii kama vitone vilivyounganishwa kwa mistari, kila mstari ukigusa watu wawili tu. Mwaka 2019 Iacopo Iacopini na wenzake walichapisha modeli, yaani mfano wa kihesabu, inayotambua jambo ambalo kila mwanachama wa likelemba (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu) analijua: watu watatu walioketi pamoja si sawa na mazungumzo matatu ya wawili wawili. Wawili wakishakubali, wa tatu husukumwa na kila mmoja wao, kisha husukumwa tena na kundi lenyewe.

Nyongeza hiyo ndogo hubadili matokeo yote. Tuchukue watu 100, na tuseme kila mwenye tabia, kabla hajaiacha, angeweza kumvuta kwa wastani mtu 0.8 peke yake; kwa mistari mitupu tabia hiyo ingekufa. Tukiongeza msukumo wa kundi wenye nguvu ya 2.5 kwa kipimo hichohicho, hesabu inatoa kizingiti: wakianza watu 10, tabia inafifia hadi sifuri, bali wakianza 20, inapanda na kutulia karibu na watu 53. Kizingiti kiko kwenye 15 hivi. Kampeni mbili zenye ujumbe uleule zinaweza basi kuishia mahali tofauti kabisa, na anayelaumu ujumbe huenda anakosea.

Jaribio la Damon Centola la mwaka 2010, lililofanywa kwenye intaneti na watu 1,528, lilielekea hukohuko: tabia ya kiafya ilishika zaidi pale ambapo majirani wa mtu mtandaoni walikuwa wameunganishwa wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, wahamasishaji 20 waliotawanywa mmoja mmoja katika kila pembe ya mji wana nguvu ndogo kuliko 20 waliomo katika shirika mbili (jumuiya ndogo za waumini) au kwaya moja, ambako msikilizaji hukutana nao zaidi ya mmoja kwa wakati uleule.

Modeli, hata hivyo, haijui bei ya klorini wala foleni ya maji. Tena haichagui kilicho chema: uvumi kwamba klorini huharibu tumbo, ukipata watu wawili wanaoheshimiwa katika kundi moja, hufuata hesabu ileile.