Je, wajua kwa nini kiazi kitamu kikichomwa polepole hutoa asali?

Jioni za Oktoba, kwenye mitaa ya makazi ya miji ya Japani, hupita kigari cha mizigo kikienda mwendo wa kinyonga, spika yake ikivuta wimbo uleule mmoja, mrefu na wenye huzuni kidogo. Hakiuzi gesi wala hakinunui vyuma chakavu. Kinauza yaki-imo, yaani viazi vitamu vya kuchoma. Nyuma kuna tanuri la chuma lililojaa kokoto za moto, na juu ya kokoto viazi vimelala. Mnunuzi anapewa kimoja ndani ya mfuko wa karatasi. Kwanza anakishika kwa viganja viwili apate joto, maana hii ni vuli ya kaskazini: majani yameanza kupukutika na baridi inaingia jua likizama tu. Kisha anakivunja katikati. Ganda la zambarau linapasuka, mvuke unapanda, ndani ni manjano iliyokolea na laini, na pale nyama inapokutana na ganda kuna utomvu wa kahawia unaonata vidoleni. Wenyewe huuita asali. Hakuna aliyetia sukari, hata chembe ya chumvi hakuna.

Sasa chukua kiazi cha shamba lilelile, ukitie kwenye maikrowevu kwa dakika saba. Kitaiva, tena kitalainika vizuri. Ila ukikionja utauliza ile asali imekwenda wapi.

Jibu ni kwamba asali haikuwamo. Kiazi kibichi kina sukari kiasi, lakini ukitoa maji, sehemu kubwa ya kilichobaki ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Ufikirie kama shanga nyingi mno zilizotungwa kwenye uzi mmoja: zikiwa zimeshikana hivyo, ulimi hauonji utamu wowote. Lazima zikatwe. Mkataji yumo ndani ya kiazi chenyewe, kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi, ambacho kiazi kitamu kimejaaliwa kwa wingi. Kinaanzia ncha ya uzi na kukata shanga mbili, kisha mbili, kisha mbili tena. Kila jozi ni sukari inayoitwa maltosi. Maltosi si tamu kama sukari ya mezani, haifiki hata nusu yake, lakini hapa inatengenezwa kwa wingi kiasi cha kufidia upungufu huo.

Mbona basi kiazi hakijigeuzi sukari kikiwa bado kwenye gunia? Kwa sababu wanga mbichi umefungwa ndani ya punje ngumu, na kimeng'enya hakiwezi kuupenya. Punje hizo huanza kunyonya maji, kuvimba na kulegea joto la ndani likifika nyuzi 65 hivi. Hapo kazi inaanza, tena kwa kasi. Tatizo ni kwamba kimeng'enya nacho ni protini, na joto likikaribia nyuzi 80 kinaharibika, kazi inasimama. Kwa hiyo utamu wote wa ziada unatengenezwa ndani ya hicho kipande kifupi, kati ya wanga kulegea na kimeng'enya kufa. Maikrowevu hukipita kipande hicho kwa dakika chache. Kokoto za yule muuzaji hukivuta mpaka kikawa kirefu, kwa sababu joto lake ni la taratibu na kiazi kinene huchukua muda mrefu kupata moto hadi katikati.

Watafiti wa kilimo wa Japani waliijua siri hii vizuri kiasi cha kuzalisha mbegu iitwayo Quick Sweet, ambayo wanga wake hulegea kwenye joto la chini zaidi, pungufu kwa takriban nyuzi 20. Kimeng'enya kinapata nafasi ndefu ya kufanya kazi, na kiazi hicho kinakuwa kitamu hata kwenye maikrowevu. Zipo pia mbegu za upande wa pili, zisizo na beta-amilesi ya kutosha: zichome utakavyo, hata usiku kucha, hazigeuki asali. Kwa hiyo moto peke yake hautoshi.

Harufu ni habari nyingine. Ganda na tabaka la chini yake hukauka, hivyo joto lake hupanda kupita lile la kuchemka kwa maji, na hapo sukari huanza kuungua na kuungana na chembe za protini. Miongoni mwa vinavyozaliwa humo ni maltoli, yenye harufu ya sukari iliyoungua kidogo. Kiazi cha kuchemsha hakiwezi kuitoa, kwa kuwa maji yanakizuia kupanda zaidi ya nyuzi 100.

Wengi hudhani kiazi cha vuli ni kitamu kwa sababu kimetoka shambani leo asubuhi. Ni kinyume chake. Nchini Japani viazi huchimbwa zaidi kati ya Septemba na Novemba, na kile kilichochimbwa jana ni cha unga na utamu wake ni wa wastani. Wakulima hukiweka kwanza mahali penye joto na unyevu siku chache ili michubuko ya jembe ijifunge, kisha hukihifadhi kwenye nyuzi 13 hadi 15 kwa wiki kadhaa. Humo ghalani wanga wake hupungua kidogo kidogo na sukari huongezeka. Kwetu wapo wanaoviacha viazi juani siku mbili tatu kabla ya kuvipika na kusema vinaongeza utamu, na hawasemi uongo. Friji ni kosa. Ubaridi wa kule ndani hukiumiza kiazi, na ukikipika unakuta moyo wake mgumu usioiva.

Msomaji wa Tabora au Shinyanga huenda ameshaniwahi, maana jambo hili amelishika mikononi tangu utotoni. Kuna michembe na kuna matobolwa. Michembe ni kiazi kibichi kilichokatwa vipande na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Yote ni akiba ya kiazi kilekile, lakini matobolwa ndiyo watoto wanayoiba kwenye kichanja, wakitafuna njiani kama peremende. Sababu ni ileile: yalipokuwa sufuriani yalipita kwenye nyuzi 65 hadi 80, wanga ukakatwa, kisha jua likaondoa maji na kuacha utamu umekolea. Wajapani wana kitu hichohicho, hoshi-imo, hupikwa kwa mvuke, hukatwa na kukaushwa, na sehemu kubwa hutoka mkoa wa Ibaraki. Hawakufundishana na Wanyamwezi wala Wasukuma. Kiazi ndicho kilichowafundisha wote.

Hata hivyo si kila mtu anataka asali. Wengi wetu tumezoea kiazi kikavu, kinachomomonyoka, kile kinachokulazimisha kushushia chai. Ndiyo maana viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A kwa wingi, vilipata tabu mwanzoni kwa watu wazima: vilionekana vya majimaji. Ilibidi wazalishaji wa mbegu wahangaike kuunganisha rangi hiyo na ukavu. Mmoja wao, Robert Mwanga wa Uganda, alikuwa kati ya wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mimi kwenye kifungua kinywa nitachagua kikavu kila siku. Cha asali ni cha jioni, tena kuliwa peke yake.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi chakula cha njaa kilivyopanda cheo. Kiazi kitamu asili yake ni Amerika. Kilifika Ryukyu, Okinawa ya leo, mwaka 1605 kutoka China, kikaingia Satsuma kusini mwa Japani mwanzoni mwa karne ya 18. Baada ya njaa kubwa ya mwaka 1732, msomi Aoki Konyo alipewa kazi ya kukijaribu karibu na Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1735. Kikashika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata kililiwa badala ya wali, asubuhi na jioni, mpaka wazee wengi wa kizazi kile hawakutaka tena kukiona. Wajukuu wao wanakipangia foleni.

Tofauti kati ya babu na mjukuu imejaribiwa, ingawa kwa chokoleti. Mwaka 2013 wanasaikolojia Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walichapisha jaribio ambalo baadhi ya watu waliambiwa wasile chokoleti kwa wiki nzima, wengine wakapewa nyingi wale watakavyo. Waliporudi kuonja, waliojinyima waliifurahia zaidi. Kitu kinachokosekana kwa muda hurudi na ladha yake. Majira hufanya kazi hiyo bila kuomba mtu ajinyime, na nadhani ndiyo sababu kigari kile kinasubiriwa, ingawa siku hizi maduka makubwa ya Japani huweka tanuri la umeme karibu na mlango na kuuza yaki-imo karibu mwaka mzima.

Ukitaka kujaribu, tafuta viazi vyembamba na virefu, vyenye unene unaolingana, vilivyokaa ndani wiki mbili tatu bila kuoza. Vioshe, usivimenye. Kwenye oveni, viweke kabla haijapata moto, kwa nyuzi 160, na uvisahau kwa saa moja na nusu. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yafunikwe na majivu, uvifukie humo pembeni na kuvigeuza mara kwa mara. Sufuria kuukuu yenye mchanga, ile ya kukaangia karanga, nayo inafaa, mradi moto uwe mdogo na ufunike. Vimeiva vikibonyea vyenyewe kwa kidole na utomvu ukianza kuchuruzika kwenye nyufa. Ganda lile lililoungua kidogo usilitupe, harufu nyingi iko pale. Na kama umekaa na mtu anayelimenya na kuliweka kando, sogea karibu naye.